Kapasita za amplifaya ya gari mjini Kigoma: zipi za kununua, zipi za kuacha kaunta

Ukiingia duka la spea za redio pale Mwanga ukaomba kapasita (kile kikopo kinachohifadhi umeme na kuuachia haraka) ya maikrofaradi 2200 kwa volti 25, muuzaji hakuulizi ni ya nini. Anavuta boksi, anakutolea moja, anataja bei ya soda, biashara imeisha. Kwa redio ya nyumbani hapo hakuna ubaya. Kwa amplifaya ya gari, hasa upande unaopokea umeme wa betri, hapo ndipo kazi inapoanza kurudi mezani kwa fundi. Maikrofaradi na volti zilizoandikwa ubavuni ni nusu ya habari tu. Nusu nyingine ni joto ambalo kapasita inalistahimili na ukinzani wake wa ndani, ule ambao vipimo vinauandika ESR. Kwa mambo hayo mawili, kapasita zinazopatikana hapa mjini zinagawanyika makundi manne, na tofauti kati ya kundi na kundi ni kubwa kuliko bei inavyoonyesha.

Kwanza, kwa nini amplifaya ya gari inachagua sana? Betri inatoa volti 12 na ushee, na injini ikiwaka alternata inapandisha hadi 13.8 au 14.4. Hizo hazitoshi kusukuma sabufa kwa nguvu. Ndiyo maana ndani kuna pawasaplai: IC (chipu) ya TL494, au KA7500 ambayo ni ileile kwa jina jingine, inawasha na kuzima mosfeti, yaani transista zinazofanya kazi ya swichi, mara elfu thelathini na zaidi kwa sekunde, transfoma ya duara inapandisha umeme, dayodi za kasi zinaunyoosha, na mwisho unapata tuseme volti 32 chanya na 32 hasi. Kila mosfeti inapofunguka inavuta mkupuo wa ampea nyingi kwa ghafla. Waya mrefu unaotoka kwenye betri mpaka nyuma ya gari hauwezi kuutoa mkupuo huo kwa kasi hiyo. Wanaoutoa ni zile kapasita mbili, tatu au nne zilizosimama karibu na terminali za umeme, za 2200 au 3300 kwa volti 16 au 25.

Sasa piga hesabu. Kapasita ya kawaida ya 2200 kwa 16, isiyo ya low ESR, inaweza kuwa na ukinzani wa ndani wa karibu omu 0.1. Ya low ESR ina omu 0.02 hivi. Umeme wa ampea 5 ukiingia na kutoka ndani yake, ya kwanza inageuza wati 2.5 kuwa joto, ya pili nusu wati. Wati mbili na nusu ndani ya kikopo cha unene wa kidole gumba, chini ya kiti cha Probox iliyoegeshwa juani, haziendi popote. Maji ya ndani yanachemka, kichwa kinavimba, na kadiri kinavyokauka ESR inapanda, joto linazidi, mpaka siku mosfeti zinapokufa na kuondoka na fyuzi.

Kabla ya kununua chochote, thibitisha kwamba ugonjwa ni kapasita. Amplifaya inayokata fyuzi papo hapo ukiigusisha betri karibu siku zote ina mosfeti zilizofunga shoti. Weka mita kwenye mlio, gusa dreni na sosi, miguu miwili inayopitisha umeme mkubwa, kisha geuza nyaya. Ikilia pande zote mbili hiyo imekwisha. Katika amplifaya nyingi utakuta IRFZ44N au IRF3205. Ukibadilisha moja badilisha zote za upande huo, na upime risista ndogo zinazoenda kwenye geti, mguu unaoiwasha mosfeti, maana mara nyingi zinaungua pamoja nazo. Taa ya protekti, ile ya amplifaya kujikinga, ikiwaka, anza kupima transista za kutoa sauti, TIP35C na TIP36C au 2SC5200 na 2SA1943, kabla ya kugusa kapasita yoyote. Mluzi unaopanda na kushuka na injini mara nyingi ni ethi mbovu, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari, au nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, zilizolazwa sambamba na waya wa betri. Ugonjwa huo usiununulie kapasita.

Kapasita inapochoka dalili ni nyingine. Amplifaya inapiga vizuri sauti ikiwa ya chini, besi ikigonga inazima na kujiwasha tena. Inachemka kuliko ilivyozoeleka hata ikipiga taratibu. Ukifungua, kichwa cha kopo chenye alama ya X au K kimepanda badala ya kuwa bapa, au chini kuna ute mkavu wa kahawia, na ukipasha miguu moto inatoka harufu ya samaki. Kuna nyingine hazivimbi kabisa. Zinavujia chini kupitia mpira, na juu zinang'aa kama mpya. Halafu kuna ile gundi ya njano ambayo viwanda hutumia kushika kapasita zisitikisike. Ikichomwa na joto miaka mingi inageuka kahawia, inapitisha umeme na inakula miguu ya vifaa. Hiyo ikwanguliwe yote. Amplifaya kadhaa zinazoitwa mbovu hupona nusu kwa kukwangua gundi tu.

Tuje kwenye bidhaa zenyewe.

Kundi la kwanza ndilo lililojaa kila boksi: za bluu au nyeusi zisizo na jina, au zenye jina lisilojulikana, zimeandikwa 85°C. Ni mpya kweli na wala si feki, bali zimetengenezwa kwa kazi nyingine. Kanuni ya kapasita za aina hii ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10 maisha yanaongezeka mara mbili. Chukua mbili, zote zimeahidiwa saa 2000, moja kwenye nyuzi 105 na nyingine kwenye 85. Zikae zote ndani ya amplifaya yenye nyuzi 75. Ya 105 ina saa 16,000 mbele yake, ya 85 ina 4,000, na hapo hatujahesabu joto linalozaliwa ndani yake yenyewe kwa sababu ya ESR kubwa. Kwa upande wa betri, hukumu ni moja: ziachwe. Kwa upande wa pili, baada ya dayodi, kwenye amplifaya ndogo ya chaneli mbili zinavumilika kama volti zinatosha na hakuna nyingine. Dukani ukisikia "bosi, zote ni sawa, angalia namba tu", jua unashauriwa na mtu ambaye kazi ikirudi hairudi kwake.

Kundi la pili ni baya kuliko la kwanza kwa sababu linadanganya. Ni zile zenye maandishi ya Rubycon, Nichicon au Panasonic kwa bei ileile ya soda. Rubycon ya bei ya soda haipo. Nyingine ni kapasita za zamani zilizovishwa koti jipya la plastiki, nyingine ni kopo kubwa lenye kapasita ndogo ndani. Kuzitambua kaunta kunawezekana ukituliza macho. Orijino ina herufi za aina yake mbali na jina la kampuni: kwa mfano, Panasonic ina FR, FM au FC, Nichicon ina HE au PW, Rubycon ina ZLH au YXF. Jina kubwa bila herufi za aina ni la kutilia shaka. Angalia miguu: ikiwa na alama ya risasi, au imekatwa mifupi na yote ni sawa, imeshawahi kukaa kwenye bodi, mpya ina mguu mmoja mrefu, ule wa chanya. Angalia umbo: 2200 kwa 25 ya low ESR mara nyingi ina unene wa milimita 12.5 na urefu wa 25 au zaidi. Ukipewa iliyo nusu ya hapo, mtu kaandika namba anayoitaka. Ipime pia kwa kiganja. Nyepesi kupita kiasi kwa ukubwa wake, iache.

Ubaya mkubwa wa kundi hili ni kwamba linamharibia fundi mwaminifu. Anamwambia mteja amefunga orijino, anamtoza ya orijino, na baada ya muda kichwa kimevimba tena.

Kundi la tatu wengi wanalidharau, nalo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote hapa Kigoma: za kunyofoa kwenye bodi za zamani. Lakini chanzo ni muhimu. Pawasaplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa, upande wake wa kutoa umeme, ina kapasita za 105°C zenye ESR ndogo, kwa sababu nazo zilikuwa zinafanya kazi hii hii ya mikupuo ya kasi. Kwenye laini ya volti 12, ile ya waya za njano, utakuta za volti 16, 1000 mpaka 3300. Hizo ndizo unazozitaka. Zilizo kwenye laini ya volti 5, waya nyekundu, na ya 3.3, waya za chungwa, ni za volti 6.3 au 10. Ukizifunga kwenye gari zinapasuka, tena kwa kishindo. Mafundi wanaokota zote na kuzitupa kopo moja bila kusoma, halafu lawama inaenda kwa "vitu vya kunyofoa".

Bodi za pawasaplai za TV bapa nazo zina 1000 kwa 25 na 470 kwa 35 nzuri, ila kumbuka kwamba TV nyingi za aina hiyo zilikufa kwa ajili ya kapasita hizohizo. Ichukuliwe ile tu iliyopimwa. TV za chogo zina za 85°C nyingi. Lile kopo lake kubwa la volti 400 halina kazi kwenye gari na linaweza kuwa bado limebeba umeme wa kukurusha, basi usilitie mkono kabla ya kulimaliza chaji. Visimbusi vya zamani havina kitu cha maana kwa kazi hii.

Sharti la kundi hili ni kipimo. Mita nyingi za bei ndogo haziwezi kupima zaidi ya maikrofaradi 200, na ESR hazipimi kabisa. Kinachofaa ni kile kipima vifaa chenye kioo kidogo, kinachouzwa kwa jina la LCR-T4, kinachotumia betri ya volti 9. Unachomeka miguu, unabonyeza, kinaleta maikrofaradi, ESR na Vloss, yaani volti zinazopotea. Kwa 2200, kubali kati ya 1760 na 2640, maana kapasita nyingi za aina hii zinaruhusiwa kupishana asilimia 20 juu au chini. ESR ikiwa 0.02 mpaka 0.04 ifunge. Ikifika 0.1 irudishe bokisini au itupe. Vloss ya asilimia kadhaa maana yake inavuja. Kabla ya kuchomeka, maliza chaji yote ya kapasita, la sivyo unakiua kipimo badala ya kupima. Kwa fundi wa hapa hakuna pesa inayorudi haraka kuliko ya kifaa hiki. Kinamlinda na kundi la pili na kumfungulia kundi la tatu kwa siku moja.

Kapasita ya kunyofoa iliyopimwa ikasoma 0.03 inaishinda mpya isiyo na jina inayosoma 0.09. Mteja hapendi kusikia neno "ya kunyofoa", na baadhi ya mafundi wanaona aibu kulitamka, kwa hiyo wanamfungia mpya mbaya ili wote wawili waridhike. Muonyeshe mteja kioo cha kipimo. Ubishi unaisha hapo.

Kundi la nne ni orijino za kuagizwa Dar, mzigo unashuka na basi. Hizo ndizo jibu kwa amplifaya kubwa za monobloku, zile za chaneli moja, na kwa mteja anayelipa vizuri. Shida yake ni mbili. Kwanza, kwa kapasita nne tu, nauli ya kifurushi inaweza kukaribia bei ya mzigo, basi fundi mwenye akili anaagiza ishirini au thelathini za aina mbili au tatu zinazotumika sana: 2200 kwa 25, 2200 kwa 50, na 100 kwa 35. Pili, Kariakoo kuna orijino na kuna kundi la pili limepangwa vizuri zaidi kuliko la kwetu. Mwagizie mtu anayejua kusoma herufi za aina, siyo ndugu aliyeko Dar kwa shughuli zake.

Kwenye kuchagua volti kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Pawasaplai za amplifaya nyingi za gari hazidhibiti umeme wa kutoka. Betri ikipanda, nao unapanda. Amplifaya iliyopimwa mezani kwa volti 12 kamili ikaonyesha 28 upande wa pili, ndani ya gari kwenye 14.4 itafika karibu 33.6. Fundi aliyeona 28 akafunga kapasita ya 35 anadhani amebakiza nafasi ya kutosha, kumbe hakuna. Hapo ni 50. Ikisoma zaidi ya 40 weka 63. Upande wa betri, 16 inafanya kazi lakini imebana. Kama ya 25 inaingia kwenye nafasi, iweke hiyo. Na kabla ya kumrudishia mteja gari, pima chaji ya alternata. Ikivuka 15, ujue regyuleta yake ni mbovu, na kapasita yoyote ya 16 utakayofunga itakuwa sadaka. Wenye Fuso za volti 24 wasifunge kabisa amplifaya ya 12 moja kwa moja. Kapasita za 16 kwenye umeme wa 24 hazisubiri wimbo uishe.

Kubwa zaidi nayo si bora zaidi. Palipo na 2200, 3300 inakubalika. Ukijaza 10,000 ukidhani besi itaongezeka, unaongeza cheche wakati wa kuunganisha betri, na zile za upande wa pili zinailazimisha pawasaplai kuwaka ikiwa imebebeshwa mzigo mzito, mosfeti zinaumia. Lile kopo la nje linalong'aa la faradi moja, lenye kioo cha namba, linalofungwa pembeni ya sabufa, haliponyi amplifaya yenye kapasita mbovu ndani. Lipo mbali kwa kazi ya kasi ile. Kwa gari nyingi za hapa, waya mnene wa shaba halisi na ethi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kionekane vinasaidia zaidi.

Sasa zile ndogo, ambazo ndizo zinazosahauliwa. Pembeni ya TL494 kuna kapasita ya 47 au 100 kwa 25 inayochuja umeme wa IC hiyo. Mara nyingi imebanwa katikati ya mosfeti na mbavu za alumini za kupooza, kwa hiyo inakauka kabla ya zile kubwa. Fundi anabadilisha makopo manne makubwa, anaiacha hii, na amplifaya inaendelea kujizima. Ibadilishe kila mara, weka ya 105°C ya volti 35. Hata ya bei ya kawaida inafaa hapa mradi iwe ya 105. Ile ndogo ya kauri au plastiki kwenye mguu wa 5 ndiyo inayopanga kasi ya IC. Hiyo usiiguse, na usiweke nyingine kwa kukisia. Kapasita za plastiki kwa jumla, za kijani au nyekundu, ni nadra kufa, ziache.

Kwenye njia ya sauti, baada ya matundu ya RCA, kuna za maikrofaradi 1, 4.7 au 10 kwa volti 16 mpaka 50. Zikikauka chaneli moja inakuwa nyembamba, besi inapotea. Mfano: kapasita ya 1 ikikutana na kilo-omu 10 inaanza kukata besi kuanzia hetzi 16 kushuka, chini ya kile sikio linachosikia. Ikikauka ikabaki 0.1, inaanza kukata kuanzia hetzi 160 kushuka, na sabufa haina cha kucheza. Zilizoandikwa BP au NP hazina chanya wala hasi. Usiweke ya kawaida mahali pake. Kwa kundi hili dogo, mpya za dukani kwetu zinatosha kabisa, mradi umezipima. Joto huko ni dogo na mikupuo haipo.

Kufunga nako kunaua kapasita nzuri. Toa umeme, subiri, halafu maliza chaji ya kila kopo kwa risista ya omu 100 ya wati 5. Bisibisi inatoa cheche, inakula bodi na inaweza kuua IC. Piga picha bodi kabla ya kuchomoa chochote. Pasi ya kuchomelea ya wati 30 haitoshi, kwa sababu shaba ya ethi kwenye bodi hizi ni pana na inanyonya moto. Tumia ya wati 60 au 80 yenye ncha pana. Ongeza risasi mpya ya 60/40 juu ya ile ya zamani kwanza. Bodi za kisasa zina risasi isiyo na madini ya risasi, inayeyuka kwenye nyuzi 217 na zaidi, na ukichanganya inalainika mapema. Pasha mguu mmoja, inamisha kopo kidogo, pasha wa pili, inamisha upande mwingine, litoke lenyewe. Ukivuta kwa nguvu kwenye bodi ya pande mbili, unatoka na mrija wa shaba ulio ndani ya tundu, na kuanzia hapo unaunga waya.

Nyonya risasi, safisha ute na gundi kwa spiriti na mswaki, angalia kama njia za shaba hazijaliwa. Nafasi kati ya miguu ni milimita 5 kwa kopo la unene wa 10 au 12.5, na 7.5 kwa la 16 au 18. Usilazimishe miguu kupanuka. Mpira wa chini unafunguka na kuvuja kunaanzia hapo.

Chanya na hasi ndipo yanapotokea maafa. Mstari wa ubavuni ni hasi, hilo kila mtu analijua. Lakini kwenye laini ya volti hasi, tuseme ile ya −32, mguu wa chanya wa kapasita unaenda ethi, na wa hasi unaenda kwenye laini. Mtu anayefuata mazoea kwamba ethi ni hasi anaifunga kinyume, inalipuka usoni mwake. Fuata picha na alama ya bodi, thibitisha kwa mita, na mara ya kwanza unapowasha usiwe umeinama juu yake.

Kopo likikaa sawa juu ya bodi, lishike kwa silikoni isiyo na harufu ya siki. Ile inayonuka siki ina asidi inayokula shaba. Usiache kushika, maana barabara za ndani za huku zinatikisa gari mpaka miguu ya kopo refu inakatika. Rudisha karatasi za maika na grisi nyeupe, kaza mosfeti na transista zote kwenye alumini kabla ya kuwasha. Kuwasha kidogo tu kuangalia, zikiwa zinaning'inia, kumeua transista nyingi kuliko hitilafu yenyewe.

Jaribio la kwanza lifanyike kupitia balbu. Unganisha balbu ya indiketa ya volti 12 wati 21 kwenye waya wa chanya, kwa amplifaya kubwa tumia ya taa ya mbele wati 55, kisha ipe remoti, ile terminali ya kuiwasha amplifaya, umeme. Balbu ikiwaka mara moja halafu ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, rudi kwenye mosfeti, dayodi na transista. Ikipita, toa balbu, weka fyuzi ya ampea 5 au 10 badala ya 30, pima laini mbili: chanya na hasi zisipishane zaidi ya volti moja. Pima pia matundu ya spika bila spika. Chini ya milivolti 50 funga spika. Ikisoma volti kadhaa usifunge, utachoma koili. Baada ya hapo ipige nusu saa na uguse makopo, umeme ukiwa umezimwa. La upande wa betri likiwa la moto kuliko alumini iliyo karibu nalo, ESR yake si ile uliyouziwa.

Jambo moja zaidi kwa wanaonunua mpya: stoo za huku zina mizigo iliyokaa miaka, na kapasita iliyokaa muda mrefu bila umeme ngozi yake ya ndani inadhoofu na inavuja ikiwashwa ghafla. Kabla ya kuifunga, ichaji kupitia risista ya kilo-omu 1 mpaka volti zake halisi, iache saa moja, halafu maliza chaji na uipime upya. Isiyofika volti zake kupitia risista hiyo irudishe dukani siku hiyohiyo, kabla muuzaji hajasahau sura yako.